Siku saba, marafiki wanne, gari moja Ayalandi: kateni ramani kwanza

*"Sisi ni marafiki wanne tuliosoma chuo pamoja. Wawili tuko Dar, mmoja yuko Nairobi, mmoja anafanya kazi Manchester. Wote tuna pasipoti za Tanzania na Kenya. Tunataka wiki moja ya kuzunguka mashambani Ayalandi kwa gari la kukodi, Juni au Agosti. Rafiki yetu amechora njia: Dublin, Belfast, Giant's Causeway, Donegal, Galway, Cliffs of Moher, Dingle, Ring of Kerry, Cork, kurudi Dublin. Anasema simu inaonyesha saa tatu au nne tu kwa siku. Dereva wa uhakika ni mimi, na zile barabara nyembamba za kwenye video zinanitisha. Wa Manchester anasema yeye hahitaji viza kwa kuwa anaishi Uingereza. Tumeambiwa pia bima ya gari ni mtego. Tunataka kucheka, hatutaki kurudi tukiwa hatusalimiani. Tufanyeje?"*

Dada yangu, umeuliza kuhusu njia, viza, barabara na bima, ila ukisoma vizuri hofu ni moja: wenzako watakuwa wanapiga picha dirishani, na wewe ndiye utakayekuwa umeshika usukani. Basi nakujibu kama dereva. Kazi yangu ni kuwapangia wageni safari za kujiendesha huku magharibi mwa Ayalandi, na maswali kama yako huja kila msimu wa joto unapokaribia. Safari hii inawezekana na utaiweza, mradi ramani ya rafiki yenu ikatwe zaidi ya nusu.

Kilomita zake ziko sawa. Saa ndizo zinazomdanganya. Barabara za huku zina herufi, na herufi ndiyo ya kuangalia kabla ya namba. M ni barabara kuu pana, mwendo hadi kilomita 120 kwa saa. N ni za kitaifa, kwa kawaida 100. R ni za mikoa, kwa kawaida 80. L ni vijibarabara vya mashambani, na huko ndiko uliko uzuri wote mnaoufuata. Kikomo cha L kilikuwa 80 hadi tarehe 7 Februari 2025, kikashushwa kuwa 60. Hata hiyo 60 isikupe haraka. Kuna L zenye majani yaliyoota katikati ya lami, na hapo mwenyeji mwenyewe anakwenda 30. Halafu mbele yako kuna trekta lenye nyasi za ng'ombe, na baada ya kona kuna kondoo aliyelala barabarani ambaye hana haraka na mtu.

Mtu wa Dar akiambiwa Ring of Kerry, ile njia ya mzunguko ya kusini-magharibi, ni kilomita 179 anawaza safari ya Morogoro, kwamba saa za asubuhi zinatosha. Huku hiyo ni siku nzima, kwa sababu mabasi ya watalii yanaizunguka yote kwa mwelekeo mmoja, na kwa sababu kila baada ya dakika kumi mmoja wenu atapiga kelele, "Simama, simama!" Njia mliyochora inapita kilomita 1,300. Mtaiweza, lakini mtakachokumbuka ni mgongo wa kiti cha mbele. Nawashauri mchague pande mbili tu, na kila upande mlale angalau usiku mbili. Nitarudi kwenye hilo.

Viza ni lazima niiseme mapema kwa sababu hapa rafiki yenu wa Manchester amekosea, na kosa hili huishia kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Kuishi Uingereza hakumpi mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya ruhusa ya kuingia Ayalandi. Ule utaratibu wa kupita huku na huku bila viza ni wa raia wa Uingereza na wa Ayalandi. Upo pia msamaha wa viza kwa baadhi ya mataifa wenye viza ya Uingereza, lakini Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo nyote wanne mnahitaji viza ya Ayalandi, na viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haitumiki, maana Ayalandi haimo Schengen. Mnaotoka Dar na Nairobi, rahisi ni kupitia Dubai, Doha au Istanbul moja kwa moja hadi Dublin. Msipitie London kabla ya kuhakikisha kama mnadaiwa viza ya kupita tu.

Sasa ugeuze upande wa pili. Belfast na Giant's Causeway ziko Ayalandi ya Kaskazini, yaani Uingereza. Mpakani hakuna kizuizi wala askari wa kukagua pasipoti. Utajua umevuka pale alama za mwendo zitakapoanza kusoma maili. Watu wengi huona hivyo wakadhani hakuna sheria. Sheria ipo: mwenye viza ya Ayalandi pekee hana ruhusa ya kuwa upande ule, na ukaguzi wa kushtukiza hutokea kwenye mabasi na magari. Kibaya zaidi, simu yako itakupeleka huko bila kukuuliza. Ukiiambia ikupeleke Donegal kutoka Dublin, itapenda njia ya Monaghan na Omagh, na Omagh ni Kaskazini. Donegal yenyewe iko Jamhuri ya Ayalandi, ila ukitaka kufika bila kuvuka mpaka lazima upitie Sligo na Bundoran. Kwa wiki moja, mimi ningeifuta kaskazini yote.

Tuje kwenye barabara nyembamba. Una faida ambayo Mmarekani angeilipia: huku wanaendesha kushoto, usukani uko kulia, gia mkono wa kushoto, kama nyumbani. Kwenye kipilefti unampisha anayetoka kulia kwako. Tofauti ni kwamba huku wanampisha kweli, na hakuna trafiki wa kukupungia mkono. Kwa hiyo huanzi kujifunza kuendesha upya. Unachojifunza ni upana.

Kinachowaponza wageni ni hiki. Gari linakuja mbele, barabara ni ya gari moja na nusu, na kwa woga dereva anajibana kushoto zaidi ya inavyohitajika. Kushoto kuna ua wa majani mabichi, unaonekana laini kabisa. Nyuma ya majani yale, mara nyingi, kuna ukuta wa mawe uliokuwapo kabla ya babu wa mtu yeyote mnayemjua. Ndiyo maana magari ya kukodi hurudi na kioo cha kushoto kimevunjika, au tairi la kushoto limechanika ubavu kwa jiwe la ukingoni. Gari lililokuja mbele halikuwagusa. Dawa yake ni kusimama. Ukiona hapatoshi, simama kabisa, angalia ni nani aliye karibu na pahali papana, na huyo ndiye anayerudi nyuma au kujisogeza. Ukiwa ni wewe, rudi taratibu, mmoja wenu ashuke akuelekeze ikibidi. Mwenyeji hatakasirika. Atainua kidole kimoja juu ya usukani, na wewe inua chako. Hiyo ni salamu na ni asante, na ikifika siku ya tatu mtakuwa mnashindana nani ameinuliwa vidole vingi.

Honi iache. Nyumbani honi ni mazungumzo. Huku ni tusi. Na ukiona kwenye kioo mwenyeji amekufuata kwa nyuma, usikimbie kwa ajili yake. Tafuta pa kujisogeza, apite, uendelee kutazama bahari yako.

Gari lenyewe chagueni dogo. Najua mtataka kubwa kwa ajili ya masanduku. Watu wanne wenye begi laini moja kila mmoja wanaingia kwenye gari la kawaida la milango mitano, na kila sentimita ya upana utakayoipunguza utaishukuru. Kama siku hizi huendeshi manyuo, lipia otomatiki hata kama bei inauma, na uweke oda mapema kwa sababu huwa si nyingi. Sheria inamruhusu mgeni kutumia leseni halali ya kwao akiwa matembezini, lakini baadhi ya kampuni hudai pia kibali cha kimataifa cha udereva, basi kitafute kabla ya kuondoka. Dereva wa pili aandikishwe kaunta, mwenyewe akiwepo na leseni yake. Asiyeandikishwa akishika usukani "kidogo tu" hana bima, na hapo urafiki wa chuo huisha.

Bima si mtego, ila imeandikwa kwa namna ambayo mtu aliyechoka na safari ya usiku hawezi kuielewa. Bei ya kukodi kwa kawaida ina bima ndani yake tayari. Bima hiyo ina kiwango ambacho wewe ndiye unayebeba kwanza gari likiharibika, na mara nyingi kinazidi euro 1,500. Ili wawe na uhakika, kampuni inazuia fedha kwenye kadi yako. Nyingi zinataka kadi ya mkopo, yenye jina la dereva mkuu, na kadi ya benki ya kawaida au ya kujaziwa fedha inaweza kukataliwa, au wakaikubali kwa sharti kwamba ununue bima yao kamili. Hapa ndipo watu wa kwetu hukwama, kwa hiyo uliza kwa maandishi kabla ya kulipia chochote.

Una njia mbili za halali. Ya kwanza ni kununua bima kamili ya kampuni pale kaunta: ghali, lakini likitokea la kutokea unakabidhi funguo na kuondoka. Ya pili ni kununua mapema, kwa kampuni nyingine ya bima, kinga ya kile kiwango unachobeba: nafuu sana, ila likitokea jambo unalipa kwanza mwenyewe, kisha unadai urudishiwe, na fedha iliyozuiwa kwenye kadi inabaki imezuiwa. Kwa dereva mzoefu mwenye kadi yenye nafasi, ya pili inatosha. Kwako wewe, dereva mmoja wa uhakika na barabara zinazokutisha, ningelipa ya kwanza na kugawana kwa wanne. Vyovyote vile, soma kama matairi, vioo na chini ya gari vimo, maana ndivyo vinavyoumia huku na ndivyo vinavyopenda kuachwa nje. Piga video ya gari zima kabla ya kulitoa. Na kwenye maegesho ya ufukweni shika mlango kwa mikono miwili unapoufungua. Upepo wa Atlantiki umepinda milango mingi, na bima nyingine haizungumzii upepo.

Sasa njia ambayo ningewapa. Usiku wa kwanza laleni Dublin bila gari. Hakuna anayepaswa kuendesha baada ya safari ya usiku kucha, na maegesho ya mjini ni hasara. Kesho yake chukueni gari uwanja wa ndege mwelekee Galway, ambako ni M karibu mwanzo hadi mwisho, kama saa mbili na nusu, shule nzuri ya kulizoea gari. Angalizo: mkitoka uwanja wa ndege mtapita M50, na tozo yake haina kibanda wala kizuizi. Kamera inasoma namba ya gari, na inatakiwa ilipwe kabla ya saa 2 usiku wa siku inayofuata. Uliza kaunta kama kampuni inalipa yenyewe ikakudai au ni juu yako.

Usiku mbili kaeni kaunti ya Clare, upande wa kijiji cha Doolin. Hapo kuna Burren, nchi ya mawe ya chokaa ambayo kwa mbali utasema imekufa, kisha ukishuka garini unakuta maua yameota kwenye kila ufa. Majabali ya Moher yanainuka hadi mita 214 juu ya bahari. Nendeni jioni, mabasi yakishaondoka. Mwezi Juni jua huzama karibu saa 4 usiku, kwa hiyo "jioni" huku ni ndefu kuliko mlivyozoea.

Kisha shukeni Killimer mpande pantoni kuvuka mto Shannon hadi Tarbert. Ni dakika kama 20, na inawaokoa mzunguko mrefu wa kupitia Limerick. Mtakuwa mmeingia kaunti ya Kerry. Kabla ya Dingle, nawaomba mchepuke kidogo hadi ufuko wa Banna, karibu na Tralee. Pana mnara wa Roger Casement. Huyu ndiye yule konsuli wa Uingereza aliyezunguka Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kuandika ripoti ya 1904 kuhusu watu waliokatwa mikono na kufanyishwa kazi kwa mijeledi kwa ajili ya utomvu wa mpira. Baadaye akaigeukia serikali iliyomtuma, na tarehe 21 Aprili 1916 akashuka hapo Banna kutoka nyambizi ya Kijerumani kwa ajili ya uhuru wa Ayalandi. Alikamatwa siku hiyohiyo, na Agosti mwaka huo akanyongwa London. Watalii wengi hupita bila kujua. Mtu wa Afrika Mashariki na Kati ana sababu ya kusimama pale robo saa, hata upepo ukiwa mkali.

Dingle kaeni usiku tatu. Njia ya Slea Head izungukeni kwa mwelekeo wa mishale ya saa, ndivyo mabasi yaendavyo, msikutane nayo uso kwa uso kwenye kona za juu ya bahari. Mtaviona visiwa vya Blasket, ambavyo wakazi wake wa mwisho walihamishwa 1953. Huko alama ni za Kiayalandi pekee, kwa hiyo Dingle mtaisoma An Daingean au Daingean Uí Chúis, na ukiona "Go Mall" imepakwa barabarani hakuna maduka mbele, unaambiwa upunguze mwendo. Barabara ya mlimani ya Conor Pass malori na mabasi hayaruhusiwi, na upande wa kaskazini inabana kiasi cha kukatisha mazungumzo garini. Ipite siku ya mwisho ya Dingle, ukishazoea, mchana, pasipo ukungu. Ukungu ukiwepo, iache tu.

Ring of Kerry na Cork ziacheni kwa safari nyingine. Najua mchora ramani atanuna. Mpeni kazi ya kushika simu na kusema "kushoto, kulia", maana dereva kushika simu ni kosa lenye faini.

Kuhusu kucheka na kutogombana: wekeni mfuko mmoja wa mafuta, maegesho na chai, kila mtu atie kiasi sawa siku ya kwanza, na mmoja tu awe mweka hazina. Hapo nusu ya magomvi yamekwisha. Mafuta jazeni mkipita mjini, sheli za vijijini hufunga mapema. Chakula cha jioni kitafuteni kabla ya saa 2 usiku, kwa kuwa majiko mengi ya baa hufunga kati ya saa 2 na saa 3 hata kama baa yenyewe iko wazi. Asiyetumia kilevi asiogope kuingia: baa ya kijijini ni sebule ya kijiji, na kuagiza chai si kituko. Chai yenyewe mtaifahamu, kwani Barry's ya Cork huchanganya majani ya Kenya na Rwanda na yale ya Assam. Kama kuna Mwislamu kati yenu, kifungua kinywa cha huku kina soseji za nguruwe na nyingine nyeusi zenye damu, aseme mapema aletewe mayai na uyoga. Wewe dereva usionje hata kidogo. Kikomo ni miligramu 50 za kilevi kwa mililita 100 za damu, na polisi, wanaoitwa Garda, husimamisha magari kupima bila sababu nyingine yoyote.

Na jitayarisheni kuimba. Kwenye muziki wa baa za Doolin au Dingle, viti vya pembeni mwa wapigaji si vya wageni, lakini usiku ukikolea mtu atawageukia akauliza kwenu mnaimba nini. Wanne waliosoma pamoja hawakosi wimbo wa kwaya au kipande cha taarabu. Usishangae pia mzee akikuambia shangazi yake alikuwa sista Kenya. Watawa na mapadre wa Ayalandi wamefundisha kwetu miaka mingi, na vijijini huku karibu kila ukoo una picha ya jamaa aliyekuwa Afrika.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Kama yeyote kati yenu aliwahi kunyimwa viza, Ayalandi au Uingereza, zungumzeni na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu, na lisifichwe. Wa Manchester athibitishe kwamba hadhi yake ya ukaazi itakuwa hai siku ya kurudi. Wewe, kama hofu ya barabara inakunyima usingizi au mikono hutetemeka ukiwa kwenye usukani, tafuta mwalimu wa udereva wa Galway akae nawe saa moja mkifika. Ni bei ndogo kuliko kioo kimoja. Mkipata ajali, namba ni 112 au 999. Akiumia mtu, Garda waitwe, hata mwenzio akisema myamalize wenyewe.

Limebaki la Juni au Agosti. Juni ina mwanga mrefu na watu wachache kidogo, nami ningechagua hiyo. Ila mkichagua Agosti, kuna tamasha la Puck Fair katika mji wa Killorglin, tarehe 10 hadi 12 kila mwaka, ambapo mbuzi dume wa porini hushushwa mlimani, akavishwa taji na kuwa mfalme wa mji. Killorglin iko karibu na njia ya kutoka Dingle kwenda Killarney. Vyumba huisha mapema mno, na msiviwekee fedha isiyorudishwa kabla viza zote nne hazijatoka.